Mwalimu Apimwe kwa Kipimo Gani?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, mjadala wa zamani hufufuka katika vyumba vya walimu, katika ofisi za elimu na hata katika vituo vya mabasi vya Mbeya na Iringa: nani alifundisha, na nani alizembea? Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha, mwezi Januari 2023, kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, wengi walidhani kwamba mjadala huo ungepoa. Haukupoa. Matokeo ya kila kituo cha mtihani bado husomwa na yeyote apendaye, na mwenye karatasi na kalamu hujipangia orodha yake mwenyewe, kisha huteremka kutoka jina la shule hadi jina la mwalimu.

Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo kwa jicho la sayansi. Mbali na matokeo ya mitihani, zipo njia mbili za kumpima mwalimu ambazo zimezungumzwa sana duniani katika miaka ya karibuni. Ya kwanza ni kuweka malengo ya kujifunza ya wanafunzi wake mwanzoni mwa muhula na kuona mwishoni yamefikiwa kwa kiasi gani. Ya pili ni kumtazama akiwa darasani. Maoni ya mwandishi ni kwamba njia hizi mbili ni bora kuliko nyingine zote tulizowahi kuzitumia, na kwamba tunaweza kuziharibu upesi sana endapo tutazibebesha kazi isiyo yake.

Kwa miaka mingi mtumishi wa umma nchini mwetu, mwalimu akiwamo, alipimwa kwa taarifa ya siri. Mkubwa wake alijaza fomu, akaifunga, akaipeleka juu, na mpimwaji hakujua kilichoandikwa humo. Mwaka 2004 utaratibu huo uliondolewa, na mahali pake pakaingia Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, OPRAS. Sasa mwalimu na mkuu wake walitakiwa kukaa pamoja, kuandika malengo ya mwaka, kuyapitia katikati ya mwaka na kuyapa alama mwishoni, 1 ikiwa ndiyo alama bora kabisa na 5 ikiwa mbaya kabisa. Wazo lilikuwa zuri, na kuondoa siri lilikuwa jambo la haki. Lakini katika shule nyingi malengo yaliyoandikwa yalikuwa hesabu ya kazi tu: vipindi vingapi vitafundishwa, majaribio mangapi yatatolewa, madaftari mangapi yatasahihishwa. Katika mwaka wa fedha wa 2023/2024 serikali iliingiza mfumo mpya wa kompyuta uitwao PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na maendeleo yake, na msimamizi wake huyathibitisha. Chombo kimebadilika; swali limebaki lile lile. Mwalimu aweza kuonyesha kwamba amemaliza mada zote za azimio la kazi, na maelezo yake yakawa kweli tupu, hali ya kuwa nusu ya darasa halikuambulia kitu.

Ndiyo maana watu hukimbilia matokeo ya mtihani. Mtihani, husema, haudanganyi. Basi natuutazame mtihani kama kipimo, kwa namna ile ile ambayo mtafiti angekitazama chombo chochote kabla ya kukiamini.

Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini hana haja ya kwenda mbali kupata mfano. Mashariki kidogo ya mji wa Mbeya kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, kilichotoa mbegu za mahindi na maharage zinazolimwa na wakulima wengi wa kanda hii. Mtafiti wa Uyole anapotaka kujua kama mbegu mpya ni bora kuliko ya zamani, hapandi mbegu moja katika udongo mweusi wa Rungwe na nyingine katika mchanga wa Chunya, halafu akalinganisha magunia. Mtoto wa Kidato cha Kwanza angemcheka. Hugawa shamba moja katika vipande vidogo, huzipanga mbegu katika vipande hivyo kwa bahati nasibu, hurudia mpango huo mara kadhaa, na huweka vipande vya mbegu ya zamani kwa ajili ya ulinganisho. Kanuni hizo zilipangwa vizuri na Mwingereza Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted mwaka 1919, naye alifanya hivyo kwa sababu alijua kwamba tofauti ya udongo, maji na kivuli yaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya mbegu zenyewe.

Na tofauti za udongo wa shule zetu ni nyingi. Shule ya bweni ya vipaji huchaguliwa wanafunzi waliopata alama za juu katika mtihani wa darasa la saba. Shule ya kata hupokea wote waliosalia. Katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mpunga unapokaribia kukomaa watoto hutakiwa mashambani kuamia ndege, na daraja la mahudhurio hushuka bila ya mwalimu kuwa na kosa lolote. Huko Mufindi na Kilolo asubuhi za mwezi Juni na Julai ni za baridi kali, na mtoto atembeaye kilomita kadhaa hufika darasani vidole vikiwa vimekufa ganzi. Shule moja ina walimu watatu wa Fizikia. Nyingine haina hata mmoja, na somo hilo hushikwa na mwalimu wa Jiografia mwenye moyo wa kujitolea. Kulinganisha ufaulu wa shule hizo na kusema kwamba umempima mwalimu ni kulinganisha magunia ya Rungwe na ya Chunya.

Lakini tuseme kwamba tumeyasawazisha hayo yote. Bado ipo bahati. Chukua darasa la wanafunzi 40, na tuseme kila mmoja ana nafasi sawa ya kufaulu au kushindwa, kama sarafu inayorushwa juu. Kwa wastani watafaulu 20. Hata hivyo, hesabu ya uwezekano inaonyesha kwamba katika miaka mitatu tu kati ya minne hivi idadi ya waliofaulu itakuwa baina ya 17 na 23, yaani kutoka asilimia 42.5 hadi 57.5. Mara moja moja, kama mwaka mmoja katika kila 20 au 25, itashuka chini ya 14 au kupita 26. Mwalimu ni yule yule, wanafunzi ni wa aina ile ile, na juhudi ni ile ile. Mwanafunzi asiyeamini achukue sarafu, airushe mara 40, aandike vichwa vilivyotokea, kisha wenzake katika darasa wafanye vivyo hivyo na waziweke idadi zote katika mchoro mmoja ubaoni. Hilo ni jaribio la kipindi kimoja na halihitaji maabara.

Katika shule yenye watahiniwa 160 mchezo huo wa bahati hupungua: ufaulu utakuwa baina ya asilimia 46 na 54 hivi kwa miaka saba kati ya kumi. Hapo ndipo tunapoona jambo ambalo wapanga orodha huwa hawalisemi. Shule ndogo za vijijini zitaonekana zaidi juu kabisa ya orodha na pia chini kabisa, kwa sababu tu ni ndogo. Na kwa kuwa bahati mbaya ya mwaka huu kwa kawaida haijirudii mwaka ujao, mkuu wa shule aliyekaripiwa mbele ya wenzake ataonekana amejirekebisha, na yule aliyepewa cheti cha pongezi ataonekana amelewa sifa. Kiongozi ataondoka akiamini kwamba makaripio hujenga na sifa hubomoa, wakati ambapo hakuna kati ya hayo mawili lililofanya kazi. Francis Galton aliieleza tabia hii ya idadi kurudi kwenye wastani mwaka 1886, alipokuwa akilinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao. Ni ajabu kwamba miaka karibu 140 baadaye bado twaiita nidhamu.

Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilipotoa tamko lake mwaka 2014, kilisema kwamba tafiti nyingi zinaonyesha walimu wakichangia baina ya asilimia 1 na 14 tu ya tofauti zilizopo katika alama za wanafunzi. Tamko hilo lisieleweke vibaya. Halisemi kwamba mwalimu hana maana. Linasema kwamba tofauti kati ya mwanafunzi na mwanafunzi zina mizizi mingi, nyumbani, lishe, lugha, miaka ya shule ya msingi, na kwamba anayetaka kuuona mkono wa mwalimu ndani ya mkusanyiko huo ahitaji kipimo chepesi kuona kuliko alama ya mwisho.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo inamhusu mwanafunzi. Kipimo kikishapewa uwezo wa kuadhibu, wapimwaji hukitafutia njia. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa shauri la Robert Lowe, ilianza kuzilipa shule kwa kadiri watoto walivyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Watoto walikaririshwa vitabu vyao vya kusomea kutoka jalada hadi jalada, na masomo yasiyolipiwa yakadhoofika. Matthew Arnold, mshairi ambaye kazi yake ya mkate ilikuwa ukaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo kwa miaka mingi. Uliachwa kabisa katika miaka ya 1890, baada ya zaidi ya miaka 30.

Sisi nasi tunalo letu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012, ambao matokeo yake yalitolewa Februari 2013, watahiniwa takriban 6 kati ya 10 walipata daraja sifuri. Taifa lilishtuka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na matokeo hayo yakafutwa na kupangwa upya. Mwaka huo huo wa 2013 ulianza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao pamoja na mambo mengine ulizipanga shule kwa ufaulu, kitaifa na kiwilaya, na kuzitangaza. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walizichunguza takwimu za shule za msingi nchini kote za mwaka 2011 hadi 2016. Waligundua mambo mawili. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha kweli matokeo yao, na hilo si jambo la kubezwa. Lakini pia shule ziliwaondoa wanafunzi kwa makusudi wasifike katika darasa la mwisho, darasa la mtihani. Msomaji na asimame kidogo hapo. Katika orodha, mtoto aliyeondolewa haonekani; hana alama ya kushusha wastani. Yuko shambani, au amekwenda mjini kufanya kazi za ndani, kama waendavyo mabinti wengi wa Iringa. Shule imepanda nafasi kwa sababu yeye hayupo.

Sasa tuyatazame malengo ya kujifunza. Watu wengi huchanganya lengo la kujifunza na shabaha ya ufaulu. “Kupandisha ufaulu wa Kemia kutoka asilimia 35 hadi 60” si lengo la kujifunza, ni matumaini. Halisemi mwanafunzi gani atajua nini, wala halimwambii mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Lengo la kujifunza huanza kwa jaribio la awali. Tuseme mwalimu wa Kemia wa Kidato cha Pili, katika shule ya kata wilayani Rungwe, awape wanafunzi wake 45 maswali kumi mafupi wiki ya kwanza ya Januari, na aone kwamba 9 tu waweza kusawazisha mlinganyo rahisi wa kikemikali. Akitazama kwa makini majibu ya wale 36 waliosalia, ataona kwamba si kundi moja. Huenda 20 wanaelewa alama za elementi lakini hawajui kwa nini idadi ya atomu pande mbili iwe sawa. Huenda 16 bado wanababaika na uwiano, somo la shule ya msingi. Sasa ana malengo matatu. Wale 9 atawapa milinganyo migumu zaidi na hesabu za moli. Wale 20 wataanza na vifuniko vya chupa vinavyowakilisha atomu, wavihesabu na kuvihamisha juu ya dawati. Na wale 16 watakuwa na vipindi vya uwiano kabla ya kuguswa kwa mlinganyo wowote. Mwezi Juni atawapima tena kwa maswali ya ugumu ule ule, na kwa kila mmoja atalinganisha alipoanza na alipofika.

Tazama faida ya utaratibu huu. Umelisawazisha tatizo la udongo, maana kila mwanafunzi analinganishwa na nafsi yake. Hauna faida ya kumficha mtoto dhaifu, kwa sababu mtoto dhaifu ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupanda. Na zaidi ya yote, kule kulitayarisha lengo ni kufundisha kwenyewe: mwalimu aliyesoma makosa ya wanafunzi 36 ameshajua mengi kuliko ambayo fomu yoyote ingemwambia.

Udhaifu wake upo pia, nao hauna budi kusemwa. Mwalimu ndiye atungaye jaribio, ndiye awekaye lengo, ndiye asahihishaye. Siku atakayoambiwa kwamba nyongeza ya mshahara wake inategemea kufikiwa kwa lengo hilo, atafanya kama ambavyo binadamu yeyote angefanya: jaribio la Januari litakuwa gumu, la Juni litakuwa jepesi, na lengo litakuwa lile analoweza kulifikia akiwa usingizini. Kipimo kilichokuwa taa yake kitakuwa karatasi ya kumridhisha mkubwa.

Je, fedha hazina nafasi kabisa? Jaribio lililofanyika nchini mwetu katika shule 350 za msingi za wilaya 10, mwaka 2013 na 2014, linatoa jibu lisilopendeza upande wowote. Shule hizo ziligawanywa kwa bahati nasibu, kama vipande vya Uyole. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Baadhi walimu wake waliahidiwa malipo kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. Baadhi zilipata yote mawili. Na nyingine hazikupata kitu, ziwe za ulinganisho. Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikuwa imeongeza kujifunza. Malipo peke yake yalileta matokeo ya kigeugeu. Pale yalipounganishwa ruzuku na malipo, watoto walijifunza zaidi, tena kwa kiasi kikubwa kuliko jumla ya mambo yale mawili yakihesabiwa mbalimbali. Ikumbukwe kwamba majaribio hayo yaliendeshwa na watu wa nje ya shule, si na mwalimu mwenyewe. Anayetaka kumlipa mwalimu kwa lengo awe tayari kugharimia mpimaji asiye na maslahi, na awe tayari pia kununua vitabu na chaki. Fomu peke yake haitoshi.

Tuingie darasani. Hakuna mwenye haki ya kuukataa ukaguzi wa darasa kwa jumla. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 katika shule zetu za msingi ulikuta kwamba karibu nusu ya walimu hawakuwamo darasani katika saa walizotakiwa kuwamo, wengi wao wakiwa wamefika shuleni lakini wako nje ya darasa. Jambo kama hilo halionekani katika azimio la kazi wala katika shajara. Huonekana kwa macho.

Lakini macho nayo ni chombo, na kila chombo kina kosa lake. Nimewahi kuketi nyuma ya darasa moja la Fizikia, katika shule ya kanda hii nisiyoitaja, pamoja na mgeni aliyekuja na orodha ya mambo ya kutazama. Andalio la somo lilikuwapo, alitia alama. Lengo la somo liliandikwa ubaoni, alitia alama. Zana ilikuwapo, beseni la maji na kipande cha mti; alitia alama. Mwalimu aliuliza maswali na wanafunzi wakajibu kwa pamoja. Alitia alama mbili. Mgeni alipokuwa akiandika, nilimwuliza kijana aliyekaa kando yangu kwa nini kipande kile kinaelea. Akanitajia kanuni ya densiti kwa Kiingereza, herufi kwa herufi. Nikamwuliza kwa Kiswahili, jiwe dogo na gogo kubwa, lipi litazama? Akafikiri sana, akasema gogo, kwa kuwa ni zito.

Orodha ya mgeni haikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo. Na hapa suala la lugha haliwezi kukwepwa. Katika sekondari somo hufundishwa kwa Kiingereza, na kwenye shule nyingi wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili hunyamaza kwa sababu ya lugha, si kwa sababu ya sayansi. Mtazamaji anayehesabu mikono iliyonyoshwa atampa alama ndogo mwalimu anayewaacha wanafunzi wafikiri kimya, na alama kubwa yule anayeimbisha darasa zima. Mtazamaji na azungumze na wanafunzi watatu au wanne baada ya kipindi, kwa lugha waitakayo wao, na ayafungue madaftari yao.

Kuhusu idadi ya watazamaji, uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani kati ya mwaka 2009 na 2012 kwa walimu wapatao 3,000 unafaa kuangaliwa. Ulionyesha kwamba kipindi kimoja kikitazamwa na mtu mmoja hutoa alama isiyotegemeka, na kwamba kuongeza mtazamaji wa pili huimarisha kipimo kuliko kumrudisha mtazamaji yule yule kutazama kipindi cha pili. Watafiti pia waliona kwamba walimu waliporuhusiwa kuchagua wenyewe vipindi vya kutazamwa, alama za wote zilipanda, lakini mpangilio wao haukubadilika sana: aliyekuwa hodari alibaki hodari. Kwa hiyo ile desturi ya kumvamia mwalimu bila taarifa, ili anaswe, huongeza hofu nyingi na maarifa machache.

Kwamba watazamaji wawili wanakubaliana si ushahidi wa kutosha pia. Tuseme wakuu wawili wa idara wametazama vipindi 20 vile vile, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akasema kwamba vipindi 16 vinaridhisha na 4 haviridhishi. Wamekubaliana katika vipindi 14. Asilimia 70, mtu atasema, si haba. Lakini hata kama kila mmoja angetoa hukumu zake kwa kuchota vikaratasi kofiani, 16 vya “inaridhisha” na 4 vya “hairidhishi”, wangetarajiwa kukubaliana katika asilimia 68: 64 kwa pamoja kuridhika na 4 kwa pamoja kutoridhika. Macho yao na ujuzi wao wote umeongeza asilimia 2 juu ya kofia. Shule yoyote ya Mbeya au Iringa yaweza kufanya hesabu hii kwa siku tano, na mwandishi angependa ifanywe kabla ya alama yoyote ya darasani kuingizwa katika kumbukumbu za mtumishi.

Linabaki swali la nani atazame. Maafisa Elimu Kata wapo karibu, na tangu mwaka 2018 wengi wao wana pikipiki. Wathibiti ubora wa shule wanao ujuzi mpana, lakini eneo lao ni kubwa na shule ni nyingi. Mkoani Iringa, mradi wa Tusome Pamoja, uliofanya kazi kuanzia 2016 katika madarasa ya awali ya shule za msingi, ulitilia mkazo ziara za kumsaidia mwalimu darasani kuhusu stadi chache za msingi, kusoma, kuandika na kuhesabu, na si kuhusu kila kitu. Kule kujifunga katika mambo machache ni somo ambalo sekondari ingeliiga. Mtazamaji wa Fizikia awe mtu ajuaye Fizikia, hata kama atatoka shule ya jirani. Na kwa kuwa shule nyingi za kata zina mwalimu mmoja tu wa somo hilo, shule tatu au nne za tarafa moja zingeungana, walimu wao wakatazamana kwa zamu mara mbili katika kila muhula.

Wapo watakaosema kwamba walimu watalindana. Baadhi watalindana, hakika. Ndiyo maana napendekeza kazi hizi mbili zitenganishwe kabisa. Utoro, ulevi kazini, na kumdhuru mwanafunzi ni mambo ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na hayahitaji vifuniko vya chupa wala hesabu za uwezekano. Yanahitaji daftari la mahudhurio na mkuu wa shule asiyeogopa. Kujua kama wale 16 wamekwisha kuelewa uwiano ni kazi nyingine. Mwalimu atamwonyesha mwenzake darasa lake bovu kabisa iwapo tu ana hakika kwamba alichokiona mwenzake hakitapelekwa wilayani.

Kwa wale wanaojaza PEPMIS hivi sasa, lipo jambo dogo liwezekanalo bila ya kungoja waraka mpya. Mahali pa jukumu la kufundisha, mwalimu aandike kazi na si ushindi: kwamba ametoa jaribio la awali, kwamba ameyasoma makosa na kuyapanga, kwamba ametoa jaribio la mwisho, na kwamba ametazamwa mara mbili na ametazama mara mbili. Msimamizi ataweza kuyathibitisha hayo yote kwa kufungua kabati. Alama zenyewe za wanafunzi, za Januari na za Juni, zibaki katika idara ya somo, mahali ambapo mwalimu wa Kidato cha Tatu atazikuta mwaka unaofuata akitaka kujua aanzie wapi.